Meza ya Chai Uani kwa Gregori

Jumamosi moja ya mwezi wa tano, mwaka 1998, Gregori alisimama dirishani jikoni kwake mjini Bowie, karibu na Washington, kikombe mkononi, akamwona mama mkwe wake akichuma chai mahali pasipo na chai.

Mama huyo alikuwa amejifunga mgongoni kikapu cha nguo chafu kwa mkanda wa joho la kuogea. Mikono yake ilikuwa ikienda mbio juu ya vichaka sita vilivyopangwa kando ya ua wa mbao: chuma, tupa nyuma, chuma, tupa nyuma, majani mawili na kichipukizi chake. Kazi hiyo aliifanya miaka ishirini na sita katika mashamba ya chai ya Kericho, na hakuna msimamizi aliyewahi kumtia dosari. Tatizo ni kwamba vichaka vile havikuwa chai. Vilikuwa mikaranti, na ilikuwa mikaranti ya Gregori.

Neno mikaranti alilitunga mwenyewe kutoka "currant" ya Kiingereza, baada ya kukosa Kiswahili chake. Mkaranti ni kichaka ambacho kwa kawaida hakizidi kifua cha mtu. Matunda yake ni mekundu, madogo kama shanga, yananing'inia kwa mashada, na ni machachu kiasi cha kukukunjisha uso. Hayaliwi hivi hivi. Lakini ukiyachemsha na sukari yanatoa jamu nyekundu inayong'aa, na mwenye kuionja haachi kuuliza imetoka wapi. Aliyeipanda mikaranti ile ni bibi mmoja aliyeishi katika nyumba ile zamani. Gregori aliikuta aliponunua nyumba mwaka 1996, akaidharau, na mwaka uliofuata ikazaa bila kuombwa, na mambo yakaanzia hapo.

Mambo yenyewe yalikuwa ni baba yake. Mzee alikuwa Kilema, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na kwa umri wake wa miaka themanini na minne bado alikuwa anagawa ardhi kwa mdomo. Kulikuwa na shamba moja dogo chini ya mfereji, lenye migomba na mibuni, ambalo halikuwa limepata mwenyewe. Gregori ndiye mtoto wa kwanza, na kwa haki lilikuwa lake. Lakini Gregori alikuwa karani, kwanza Dar es Salaam, kisha ubalozini, kisha katika ofisi ya serikali mjini Washington, na Mzee hakuwahi kumwona akishika jembe kwa moyo. Krismasi ya 1997 Gregori akajigamba kwenye simu kwamba sasa na yeye analima, ana vichaka sita vinavyozaa. Mzee akasema: "Basi ukija niletee. Nikila tunda la mkono wako mwenyewe, shamba la chini ya mfereji ni lako. Ukija mikono mitupu nampa Tito. Ardhi haitaki karani."

Tito ni mdogo wake, aliyebaki nyumbani. Safari ya Kilema ilikuwa imepangwa mwezi wa saba mwaka 1999, ya kwanza baada ya miaka kumi na moja, na kwa umri wa Mzee huenda isingekuwapo nyingine. Kwa hiyo mtu asidhani tunazungumzia jamu ya kupaka mkate.

Mwezi wa tatu wa mwaka 1998 Gregori aliipogoa mikaranti jinsi alivyomwona Mzee akipogoa mibuni. Kila kichaka alikiachia mashina mawili, mengine yote chini. Mwaka huo ikatoa mashada machache tu, lakini hakutishika, maana mbuni ukiupogoa nao hupumzika kwanza. Alikuwa na mwaka mzima mbele yake. Alichohitaji ni vichaka viachwe vikue kwa amani, na amani ndiyo iliyokuwa ikitupwa ndani ya kikapu cha nguo chafu mbele ya macho yake.

Angekuwa mtu mwingine, angefungua dirisha akamkemea. Lakini huyu alikuwa mama mzazi wa mke wake Cherono, na ukoo wa Cherono una adabu zake. Mkwe hampi mama mkwe mkono. Hali naye meza moja. Hamtaji jina. Kumkosoa uso kwa uso ni jambo ambalo lingesimuliwa Kericho mpaka binti yao Anitha apate wajukuu. Gregori aliishika adabu hiyo miaka kumi na mitatu bila shida yoyote, kwa sababu mama mkwe alikuwa ng'ambo ya bahari. Sasa alikuwa uani.

Na alikuja kwa wiki sita. Cherono, ambaye ni nesi, alikuwa ameumia mgongo akimgeuza mgonjwa kitandani, na mama yake akapanda ndege kuja kumsaidia kazi za nyumba. Mgongo ulipona wiki ya nne. Visa ilisema miezi sita, na mama akaonelea si vizuri kuipoteza.

"Mama Anitha," Gregori alimwambia mkewe jioni ile, sauti chini, mlango wa chumba umefungwa, "mama anachuma vichaka vyangu."

"Nimeona." Cherono alikuwa akikunja nguo.

"Mwambie si chai."

"Nimemwambia. Anasema ni chai iliachwa na watu hawajui chai."

"Na wewe ukasemaje?"

"Nikasema sawa. Greg, si umwache tu? Mtu amechuma maisha yake yote, sasa unataka akae kwa sofa a-watch watu wakirushiana viti kwa TV? Mikono inamuwasha."

"Inamuwasha kwenye shamba langu."

"Ati shamba. Ni fence na vichaka sita."

Kutoka kwa mkewe hakupata msaada mwingine zaidi ya huo. Kesho yake akamwita Anitha, aliyekuwa na miaka kumi na moja, aliyeelewa kila neno la Kiswahili na kujibu kila neno kwa Kiingereza. Mama mkwe alikuwa hatua tatu kutoka pale, amepiga magoti gereji, akianika majani juu ya magazeti ya wiki nzima.

"Anitha, mwambie bibi yako vile vichaka ni vya matunda."

"Dad, she's right there."

Alikuwa pale kweli, na bila kuinua macho akasema: "Anitha, mwambie babako hii chai iliachwa sana. Chai ikiachwa inakimbia juu inakuwa mti. Mimi nitaiweka sawa."

"Mwambie bibi siyo chai. Ni matunda."

"Mwambie babako nimeangalia. Matunda siyaoni."

Hapo hakusema uongo. Yale mashada machache yalikuwa yamefichwa chini ya majani, na hata hayo ndege na kindi waliyamaliza kabla ya mwezi wa sita kuisha. Anitha aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyemhitaji kutafsiri kitu. Kazi yake ilikuwa kusimama katikati.

"She can hear you," alimwambia baba yake, akaingia ndani.

Na kama kuchuma hakukutosha, kulikuwa na kunywa. Mama mkwe aliyaacha majani yanyauke, akayasokota kwa viganja, akayakausha kwenye oveni, na siku ya nne akapika chai. Rangi yake ilikuwa ya maji yaliyooshewa mchicha. Cherono alisema ni tamu. Anitha alisema no thank you. Gregori aliletewa kikombe chake kwenye trei, kimefunikwa kisahani, pale sebuleni alipokuwa akila peke yake kwa ajili ya ile adabu. Mkwe hakatai kikombe cha mama mkwe. Kwa hiyo kila jioni, kuanzia mwezi wa tano hadi wa kumi, Gregori alirudi kutoka ofisini, akakaa chini, na akainywa mikaranti yake.

"Mwambie babako chai ya huku haina rangi," mama mkwe alisema siku moja kutoka jikoni. "Ni udongo. Lakini tutazoea."

Kitu kilimpanda Gregori kifuani, akakimeza pamoja na chai.

Wiki iliyofuata alinunua waya wa kuku. Aliuzungushia mkaranti wa sita, ule wa mwisho karibu na banda la zana, akafunga hata juu, akagongomea vigingi kwa hasira zote alizokuwa nazo. Alijiambia kwamba hata mmoja utatosha. Mzee hakusema chupa ngapi. Mama mkwe aliuzunguka ule waya mara mbili, mikono nyuma, kisha akamuuliza Anitha kama baba yake analeta kuku.

Mkaranti ule wa sita Gregori aliutunza kama mgonjwa wa kulipia. Aliumwagia mifuko miwili ya samadi ya kuku, akaongeza mbolea ya dukani, akamwagilia kila jioni kabla hata hajavua tai. Hakuugusa kwa mkasi. Kufikia mwezi wa nane ulikuwa umempita urefu, majani mapana, ya kijani kilichoiva, yamejaa hadi waya umetuna. Alisimama mbele yake akaridhika. Kisha aligeuza kichwa, akaiona ile mingine mitano, na raha yote ikamwisha. Mama mkwe alikuwa ameazima fimbo ya pazia la chumba cha wageni. Aliilaza juu ya vichaka, na kila kilichochomoza juu ya fimbo alikivunja. Baada ya kila wiki mbili alirudia. Jirani yao Leonard, mzee mstaafu wa posta, alimpungia mkono kutoka upande wa pili wa ua, na mama mkwe naye akampungia, na Gregori akaona hata jirani amejiunga na upande wa pili.

Siku moja kabla ya mama kurudi Kericho, mwezi wa kumi, Gregori alishuka kwenye treni New Carrollton akiwa mwepesi wa moyo kwa mara ya kwanza tangu masika. Aliendesha gari hadi nyumbani, akazunguka nyuma kumwagilia mkaranti wake. Akasimama.

Kamba ilikuwa imefungwa kutoka nguzo hadi nguzo, usawa wa kiuno. Chini ya kamba ile, mikaranti mitano ilikuwa imekatwa juu, yote kwa urefu mmoja, imenyooka hata ungeweza kuandikia chakula. Matawi yalikuwa yamerundikwa pembeni vizuri, na juu ya rundo palikuwa na mkasi wake mwenyewe, umefutwa na kupakwa mafuta.

Alirudi kwenye gari akakaa. Aliwasha redio, akaizima. Alimfikiria Tito akishika shamba la chini ya mfereji na kumpokea yeye kama mgeni, na kiti cha mgeni, na soda ya mgeni. Alitukana kwa Kichaga, lugha ambayo nyumbani mwake hakuna aliyeijua, na hata hivyo alipandisha vioo kwanza.

Kesho yake, njia ya kwenda uwanja wa ndege wa Dulles ilikuwa imejaa magari. Cherono alikuwa zamu, akawa ameagana na mama yake asubuhi. Mama mkwe alikaa nyuma na Anitha, mkoba mapajani. Walipokwama karibu na daraja la mto Potomac ndipo alipozungumza.

"Anitha, mwambie babako nimemwachia meza nzuri, chai yote imelingana juu. Ikianza kukimbia aichume, asiiachilie."

Gregori alikuwa na sentensi yake tayari. Aliitayarisha miezi mitano, aliinyoosha, aliipunguza ukali, akaurudisha. Ilikuwa inasema kwamba hii si chai, haijawahi kuwa chai, na umeniharibia kitu usichokijua. "Mwambie bibi," akaanza. Kwenye kioo cha kutazamia nyuma aliona ile mikono juu ya mkoba, vidole vimepauka na kukwaruzika, vimejikunja kana kwamba bado vimeshika kitu. "Mwambie bibi asante."

"She says you're welcome," Anitha akasema, ingawa bibi hakuwa amesema kitu.

Gregori alijichukia kuanzia pale hadi Dulles, na kurudi.

Majira ya baridi yote hakuitazama ile mitano. Matumaini yake yalikuwa ndani ya waya. Krismasi Mzee alimuuliza vichaka vinaendeleaje, naye akajibu kwamba kimoja kinaendelea vizuri sana. Mzee akasema, "Si ulisema sita?" Laini ikakatika, na Gregori hakupiga tena.

Mwezi wa nne mikaranti ikatoa maua, yale maua madogo ya rangi ya ndizi mbichi inayoanza kuiva. Ile mitano ilijaa. Gregori aliona, akajiambia maua si kitu, maua hata magugu yanayo. Mwezi wa tano maua yakawa punje. Mwezi wa sita punje zikawa nyekundu, na hapo hapakuwa na la kujiambia tena. Mikaranti iliyokatwa kama meza ilikuwa imebeba matunda kuanzia juu hadi karibu na udongo, mashada yamepandana, matawi yameinama kwa uzito. Mkaranti wa sita, ulioshibishwa samadi na kulindwa kama benki, ulikuwa na majani. Gregori aliingiza mkono ndani ya waya akatafuta. Alipata mashada saba. Aliyahesabu tena, yakawa saba.

"Mwaka huu mmevuna," Leonard alisema kwa Kiingereza chake cha taratibu, viwiko juu ya ua. "Yule mama ni fundi. Bibi aliyekaa hapa kabla yenu alikuwa akifanya vile vile. Kiangazi unakata ncha za matawi mapya, unabakiza majani matano hivi. Jua linaingia ndani, tawi linaacha kurefuka, linatunga macho ya matunda ya mwaka unaofuata. Usipofanya hivyo," akaelekeza kidevu kwenye waya, "unapata msitu kama ule. Na ukiulisha sana ndiyo basi kabisa, unafurahia majani tu."

"Kwa nini hukuniambia?"

Leonard alishangaa. "Nilidhani unajua. Si ndiyo maana ulimleta?"

Gregori aliingia ndani akafunga mlango kwa adabu, kisha akaufungua akaubamiza.

Jikoni, Jumamosi nzima, yeye na Cherono walichemsha. Chupa kumi na moja za jamu zikajipanga dirishani, jua likipita ndani yake. Yale mashada saba Gregori aliyapika peke yake katika kisufuria cha kuchemshia mayai, hakumruhusu mtu kukoroga, na yakajaza kichupa kimoja kilichokuwa cha haradali, tena hadi mabegani tu.

Cherono alichukua kalamu na karatasi za kubandika. "Niandike nini? 'Jamu ya Gregori'?"

"Ngoja kwanza."

"Ngoja nini? Udongo si wako? Maji si ulilipa wewe? Mzee yuko Kilema, nani atamwambia?"

"Alisema tunda la mkono wangu."

"Greg, usini-stress. Mwaka mzima ulikuwa unalia matunda, sasa yako kwa dirisha unalia tena. Utakula hiyo haki yako na nini?"

Swali hilo lilimuudhi kuliko yote. Mwaka mzima alikuwa na hasira nzuri, safi, yenye mwenyewe. Sasa alikuwa nayo bado, lakini hakujua pa kuielekeza. Angeshindwa, angesema mama mkwe amemharibia. Ameshinda, na ushindi nao ni wa mama mkwe. Karatasi zikabaki tupu.

Na mikaranti haikumsubiri amalize kuudhika. Mara tu matunda yalipotoka, matawi mapya yakaanza kukimbia juu ya meza, na kwa maneno ya Leonard huo ndio ulikuwa wakati. Jumapili asubuhi Gregori alitoka na mkasi. Alikata tawi moja fupi mno, la pili refu mno, la tatu akagundua ni la zamani lenye macho yote ya mwaka ujao, nalo liko chini tayari. Akaweka mkasi chini kabla hajamaliza kichaka kizima. Cherono alikuwa zamu. Anitha alikuwa kambi ya kanisa kwa wiki mbili. Alikaa jikoni na kadi ya simu mkononi, akakwangua namba zake, akapiga Kericho, kwa shemeji yake, ambako mama hupumzika kila Jumapili baada ya ibada. Shemeji akamwita mama bila kuuliza, akidhani ni Cherono.

"Shikamoo, Mama."

"Ni nani huyo?"

"Ni Gregori. Baba Anitha."

"Cherono ako wapi? Ni mgongo?"

"Mzima, Mama, yuko kazini. Anitha yuko kambi. Hakuna mtu wa katikati. Niko peke yangu."

Kadi ilikuwa ikila dakika. Gregori alisikia vyombo vikioshwa huko Kericho.

"Haya," alisema mama mkwe. "Sema."

"Chai inakimbia, Mama."

Alilisikia neno likitoka kinywani mwake mwenyewe, baada ya mwaka mzima wa kulipinga, na hakulirudisha.

"Unachuma?"

"Najaribu. Naharibu. Sijui niishie wapi."

"Usiangalie jani moja moja, utachanganyikiwa. Chukua ile fimbo ya pazia. Weka juu ya meza. Ile imepita fimbo, toa. Ile iko chini ya fimbo, wachana nayo. Na usivute. Vunja." Sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ya mtu aliye kazini. "Nilikuachia meza nzuri, ama?"

"Nzuri sana. Imezaa."

"Imezaa nini?"

"Matunda, Mama. Mengi. Tumepata chupa kumi na moja."

"Matunda," alisema mama mkwe, kama mtu aliyeletewa habari za msiba. Gregori hakuelewa mpaka aliposikia yaliyofuata. "Chai ikitoa matunda imeharibika, baba Anitha. Hiyo ni chai imechumwa vibaya. Huko kwetu ningesimamishwa mbele ya watu. Basi niliikosea. Nilitaka kukuwekea shamba sawa, kumbe nilikuharibia, na wewe ulikuwa unanyamaza tu kwa heshima. Nisamehe."

Hayo ndiyo maneno ambayo Gregori alikuwa ameyangoja tangu mwezi wa tano mwaka uliopita. Aliyangoja dirishani, aliyangoja sebuleni na kile kikombe, aliyangoja ndani ya gari vioo vikiwa juu. Sasa yamekuja yote, hata moja halikupungua, na hakuweza kupokea hata moja.

"Hukukosea, Mama," alisema. "Aliyekosea ni mimi."

Akamweleza yote, harakaharaka, bila mpangilio: Mzee, shamba la chini ya mfereji, Tito, mashina aliyoyakata kama mibuni, samadi, yale mashada saba. Alisema kwamba matunda ndiyo aliyoyataka tangu mwanzo na mikono iliyoyaleta ni yake yeye mama, si ya mwingine. Sauti ya mwanamke kwenye simu ikaingilia kati kwa Kiingereza kuwaarifu kwamba imebaki dakika moja.

Mama mkwe alikuwa akifikiri. "Sasa ile waya," alisema, "haikuwa ya kuku."

"Haikuwa ya kuku, Mama."

Alisikia kitu kama kikohozi, kisha akatambua ni kicheko, na kabla hakijaisha kadi ikaisha.

Gregori alikwenda chumba cha wageni, akaitoa fimbo ya pazia, akaenda uani. Kila kilichopita fimbo alikivunja. Cha chini ya fimbo aliachana nacho. Alienda polepole na vibaya, na mgongo ukamuuma, na hadi saa saba alikuwa amemaliza mitano na kuung'oa waya wa ule wa sita. Kisha alinawa mikono, akakaa mbele ya zile chupa na kalamu.

Cherono aliporudi jioni, alizikuta zimebandikwa karatasi zote. Alichukua moja, akaigeuza kwenye mwanga. Kwa mwandiko wa Gregori, ule mwandiko wa karani uliosimama wima, ilikuwa imeandikwa: Bilha, Kericho. Nyingine vile vile, na nyingine, zote kumi na moja. Kile kichupa cha haradali ndicho pekee kilichoandikwa Gregori.

"Umemtaja mama jina," alisema.

"Nimeliandika. Sijalitaja."

Cherono alivuta kiti, bado na sare ya kazi. "Na Mzee?"

"Mzee ataonja ya mama na ya kwangu. Mdomo anao. Akiona shamba la chini ya mfereji linamfaa Tito, ampe Tito. Akiona linamfaa mwanamke wa Kericho, ampe, apande chai. Mimi nimechoka."

Cherono alicheka mpaka akashika mgongo. Kisha alikichukua kile kichupa kidogo, akakifunga kwa soksi mbili kisivunjike njiani, akaenda kukiweka katikati ya sanduku la safari.